Tufe Lisiloguswa

Katika shule moja ya Rumonge tulikofundisha kwa miaka mingi palikuwa na tufe la dunia lenye kipenyo cha sentimita 30, lililosimamishwa juu ya kiguu cha shaba. Makao yake yalikuwa ofisi ya walimu, juu ya kabati. Wageni walipoingia walilisifu, nasi tukajiona wenye elimu zaidi. Wanafunzi hawakuruhusiwa kuligusa. Na amri hiyo tuliitoa sisi wenyewe.

Siku moja mtoto wa mvuvi, aliyetumwa kuleta madaftari, alisimama mbele yake kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Mwalimu, baba huvua wapi hapa?" Tukamwonyesha kistari cha buluu. Akaweka kidole juu yake, kikafunika karibu ziwa lote pamoja na Burundi nzima. "Ziwa lenyewe ndilo hili tu?" Tukamwamuru aondoe mkono. Akaenda zake kimya, na kwa miezi mingi hakuuliza tena swali lolote darasani.

Jioni ile tulifanya hesabu iliyotupasa kuifanya pamoja naye. Juu ya tufe la kadiri hiyo, milimita 1 ni sawa na kilomita 42 hivi. Ziwa Tanganyika, lenye urefu wa kilomita 673, hupata milimita 16. Nchi yetu haizidi punje ya hindi. Na kina cha ziwa, kinachofika mita 1,470, ambacho miongoni mwa maziwa yote duniani hushindwa na kile cha Baikal peke yake, hapo hakifiki unene wa unywele mmoja. Maji hayo yanayotupa ndagala na mukeke, na ambayo baadhi ya wazazi wa wanafunzi wetu hawakurudi kutoka kwayo, hayafiki unene wa unywele! Swali la mtoto halikuwa utovu wa adabu. Lilikuwa mlango wa somo, nasi tuliufunga kwa ajili ya pambo.

Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Hatusemi kwamba pambo ni kitu kibaya. Tufe kongwe kuliko yote yaliyosalia, lile la Martin Behaim lililokamilishwa Nuremberg, Ujerumani, mwaka 1492, lilipambwa kwa picha na rangi nyingi, na papo hapo lilifundisha. Bara la Amerika halimo, wala ziwa letu halimo. Burton na Speke walilifikia Februari 1858, ilhali wavuvi wa pwani hii walikwisha kulijua tangu enzi za mababu. Kila tufe, basi, huonyesha wanayoyajua waliolitengeneza.

Kwa hiyo tukaazimia kutengeneza letu. Tulinunua sokoni kibuyu kikubwa cha mviringo, tukakata shingo yake, na wanafunzi wakachora mabara kwa waya uliopashwa moto. Tundu lililobaki kwenye ncha ya kaskazini likawa mahali pa kuwekea kalamu. Kuchora ziwa tulimpa mtoto yule. Akalichora refu ajabu, kutoka Misri hadi Msumbiji. Tulipomwonyesha kosa lake alijibu, "Mwalimu, nimeacha nafasi ya mitumbwi." Darasa likacheka, naye akacheka, kisha akaomba lile la ofisini liletwe ili apime.

Tulilileta. Tangu siku hiyo yote mawili yalikaa mezani darasani, na vidole vya watoto vikafuta rangi ya bahari mbili tatu. Tunawaomba walimu wenzetu wenye tufe ofisini walishushe kabatini. Rangi ikifutika, tutanunua nyingine. Lakini mtoto aliyenyamazishwa, hatujui ni lini atauliza tena.