Wakulima Mia Tano wa Kubuni

Mimi ni mtengenezaji wa programu za kompyuta hapa Dodoma, kazi ambayo mama yangu hadi leo huiita kupiga taipu. Miaka michache iliyopita chama kimoja cha wakulima wa zabibu kilinipa kazi ya kuwatengenezea daftari la kompyuta: nani kaleta kilo ngapi, na anadai shilingi ngapi. Nilitumia Laravel.

Kabla ya kumwingiza mtu wa kweli, programu sharti ijaribiwe kwa watu wa uongo. Laravel ina kitu kiitwacho faktori, nacho ni kiwanda hasa. Unaeleza mara moja tu mkulima ni nini: ana jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya simu. Kisha unaagiza mia tano, nao wanazaliwa kabla chai haijapoa. Majina huchotwa na Faker, maktaba iliyoanzishwa na Mfaransa François Zaninotto. Yeye aliacha kuitunza mwaka 2020, wengine wakaiendeleza. Usipoielekeza vinginevyo, hudhani dunia yote ni Marekani. Basi nikawa na wakulima wa zabibu wa Ugogo walioitwa Johnson na Williamson. Nikacheka, nikawaacha.

Ili mtu asiandikishwe mara mbili, niliweka sharti kwamba wanachama wawili wasilingane jina pamoja na tarehe ya kuzaliwa. Mia tano wangu walipita wote. Wangekwamaje, na kila mmoja alipewa siku yake kwa bahati nasibu?

Siku ya kuandikisha wakaja wazee. Wengi vitambulisho vyao vilisema tarehe 1 Januari, maana walijua mwaka tu, tena wengine kwa kukisia, na karani akajaza siku. Bibi mmoja akaambiwa na kijana wa mezani, "Bibi, wewe umeshaandikishwa."

"Na nani, mjukuu wangu? Nimefika sasa hivi."

Kijana aliiamini mashine. Zabibu za bibi zikaandikwa kwa mwenzake wa jina lile lile, na malipo yakaenda huko. Aliyeligundua kosa hakuwa mimi, bali yule mwenzake, ambaye alilipwa kuliko alichovuna, akaja ofisini kuuliza.

Usiku ule niliandika faktori upya. Nikaweka akina Mazengo, Matonya na Lusinde, nusu yao wamezaliwa tarehe 1 Januari, wengine hawana simu ila ya mjukuu. Nikaendesha jaribio, likakwama papo hapo. Sijapata kufurahia kushindwa namna ile! Nikaliondoa sharti langu, nikampa kila mtu namba ya uanachama.

Nilikwenda kwa yule bibi kumwomba radhi. Nikajaribu kumweleza habari za wale wa kubuni, akasikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha akauliza, "Na zangu nitalipwa lini?"

Alilipwa Ijumaa.