Vidudu Nilivyovitafsiri Vibaya

Nilikuwa mwaka wa pili nilipotafsiri neno moja vibaya mbele ya watu kama arobaini, na baba yangu alikuwa miongoni mwao.

Kijito kinachopita nyuma ya kartie yetu, hapa Kolwezi, kinaingia Lualaba. Mwaka ule maji yake yalibadilika rangi, na asubuhi mbili mfululizo watoto waliokota samaki waliokufa. Baada ya malalamiko mengi, watu wa ofisi moja walikuja na ripoti ya Kifaransa yenye kurasa sita. Shefu wa kartie akauliza nani atasoma. Baba akanisukuma mgongoni: “Mutoto wangu anasomea maluga.” Nikasimama. Mambo yalikwenda vizuri mpaka ukurasa wa nne, palipoandikwa kwamba zooplanktoni wamepungua sana. Sikulijua neno lile. Nikatazama “zoo”, nikakumbuka wanyama, nikaona wanasema ni wadogo, nikasema kwa sauti ya mtu msomi: “Vidudu vya ndani ya maji vimekufa karibu vyote.”

Watu wakapiga makofi. Mama mmoja akasema Mungu asifiwe, labda malaria nayo itapungua. Wageni wale walifunga mafaili yao wakaondoka wakitabasamu, na mkutano ukaisha kwa amani. Nilirudi nyumbani nikijisikia mtu.

Aliyenifungua macho hakuwa mwalimu. Katika likizo kubwa nilikwenda Kalemie kwa shangazi, ambaye anauza ndagala. Wavuvi huenda ziwani usiku usio na mbezi, wanawasha taa juu ya maji, na ndagala wanakuja. Nilidhani wanapenda mwanga tu. Mvuvi mmoja mzee aliniinamisha ukingoni mwa mtumbwi, akanionyesha vumbi jeupe lililokuwa likicheza chini ya taa. “Hawa ndio wanaoitwa kwanza,” alisema. “Ndagala anafuata chakula chake.” Vumbi lile lilikuwa na miguu. Wengi wao ni kopepoda, jamaa wadogo kabisa wa kamba, ambao hula mwani usioonekana kwa macho. Ndagala huwala wao, na sisi Kolwezi tunawala ndagala na bukari.

Asubuhi yake ziwa lilitulia. Mtoto wa shangazi alichota maji kwa kikombe cha plastiki, akanipa nitazame. Mwanzoni sikuona kitu. Halafu maji yenyewe yakajikunja na kujikunjua: kiduara kinachopitisha mwanga, upana wake haufiki sentimeta tatu, chenye nyuzi nyingi pembeni. Kulikuwa na vitano. Nilitumbukiza kidole, havikuniwasha. “Mayi yenye kutembea,” shangazi alisema bila kugeuka, akiendelea kuanika samaki wake.

Mwalimu wetu wa tafsiri angesema konyeza. Ndilo neno la pwani, pamoja na yavuyavu, na ni maneno halali kabisa. Lakini mwambie mtu wa Kolwezi kwamba ziwani kuna konyeza, ataelewa kwamba huko kuna mtu anapepesa jicho. Tena konyeza wa baharini huwasha, na huyu hamwashi mtu. (Mimi nimeweka neno la shangazi kwenye daftari langu, na sijamwonyesha mwalimu.)

Kiumbe huyu aliwasumbua wasomi wakubwa. Mjerumani Richard Böhm alimwona Tanganyika mwaka 1883. Mwaka uliofuata alifariki dunia huku kwetu Katanga. Mwaka 1893 Günther alimpa jina, Limnocnida. Kisha Mwingereza Moore, aliyeona pia konokono wa ziwa wanaofanana na wa bahari, akashikilia kwamba Tanganyika ilikuwa mkono wa bahari uliokatika. Mwaka 1903 alitoa kitabu kizima juu ya jambo hilo. Alikosea. Ziwa lilizaliwa katika ufa wa nchi kavu, na umri wake ni mamilioni ya miaka. Naye aliona mfano akafanya haraka, kama mimi na “zoo” yangu.

Lakini kilichonishika ni jambo lingine. Yule wa kikombe naye ni planktoni. Neno hilo alilianzisha Mjerumani Hensen mwaka 1887 kutoka Kigiriki, na maana yake ni chenye kutangatanga. Halisemi lolote juu ya ukubwa wala uchafu. Planktoni ni yeyote anayechukuliwa na maji kwa sababu hawezi kushindana nayo: kopepoda asiyeonekana, na pia konyeza wa baharini mwenye upana wa sahani. Wote wanakula meza moja. Limnocnida hula kopepoda walewale wanaotafutwa na ndagala. Na meza hiyo huandaliwa na upepo: kati ya Mei na Septemba upepo wa kusini-mashariki husukuma maji ya juu, maji ya chini yenye mbolea yakapanda, mwani ukaota. Mwaka 2003 makundi mawili ya watafiti yalionyesha kwamba ziwa limepata joto na maji yake yanachanganyika kwa shida kuliko zamani. Mvuvi mzee hakuwa amesoma hayo. Alisema tu, “Vumbi limepunguka.”

Sikulala vizuri usiku ule. Nilikuwa nimewaambia watu arobaini kwamba chakula cha samaki wao kimekufa, nao wakashangilia.

Niliporudi Kolwezi nilisoma zaidi. Kwenye maji matamu kuna dafnia, zooplanktoni anayetumiwa katika maabara kupima sumu. Katika maji laini, shaba iliyoyeyuka, makumi machache tu ya miligramu ndani ya lita 1,000, huweza kumuua kwa siku mbili. Shaba, ambayo mji wetu unaishi kwayo. Ripoti ile haikusema ni nini kiliwaua, au mimi sikufika ukurasa huo.

Nilimkuta baba akitengeneza wavu; siku za mapumziko huenda kuvua Nzilo, nyuma ya bwawa. Nikamweleza yote, kuanzia taa mpaka kikombe. Alisikiliza bila kuinua kichwa.

“Basi ulisema vidudu,” alisema mwishoni.

“Ndiyo, baba.”

“Na wale wageni walikuwa wanajua.”

“Nadhani walijua.”

Tulikwenda kwa shefu tukaombe karatasi. Hakuwa nayo, wageni waliichukua siku ileile na nakala haikubaki. Njiani baba aliniuliza wakirudi nitasema namna gani. Nilianza kumwambia kuhusu neno “vieleaji”, kutoka kuelea, ambalo nilikuwa nimelitunga na kulipenda. Akanikata.

“Utasema nini, mutoto?”

“Nitasema chakula cha samaki kimekufa.”

“Sema vile,” akajibu, na akapita mbele kwenda kufungua mlango.