Samaki wawili, lita 120 na stima iliyopotea

Mtaniwia radhi wapenzi wa programu, leo naandika kuhusu samaki. Lakini msitoroke: humu ndani mna vihisi, betri na hata mambo ya seva.

Sebuleni kwangu hapa Nairobi, zaidi ya kilomita 400 kutoka Bahari ya Hindi, nina tangi la kioo la lita 120 lililojaa maji ya chumvi. Wanaishi humo samaki wawili wa rangi ya chungwa iliyopauka, wenye mstari mweupe unaoanzia mdomoni na kupita mgongoni hadi mkiani. Wataalamu huwaita Amphiprion akallopisos. Watoto wa jirani wanawaita Nemo, ingawa Nemo wa ile filamu ya 2003 ni binamu yao wa mbali mwenye mistari ya kukata mwili. Hawa wangu ni wa kwetu: huishi kwenye miamba kuanzia pwani ya Kenya hadi Madagaska na Shelisheli, na wengine wako huko Indonesia. Mwaka 2005 watafiti walilinganisha milio ya wale wa Madagaska na wale wa Indonesia, wakakuta inatofautiana. Kumbe hata samaki wana lahaja!

Kwanza, chumvi ya jikoni haifai. Maji ya bahari yana magnesiamu, kalsiamu na vitu vingine, kwa hiyo hununuliwa chumvi maalumu, gramu 35 hivi kwa kila lita ya maji yaliyochujwa. Maji yakipungua kwa mvuke, chumvi haiondoki. Piga hesabu: lita 6 zikikauka katika tangi langu, zile gramu 35 zinakaribia 37. Ndiyo maana kila asubuhi, kabla sijafungua tarakilishi, naongeza maji matamu.

Pili, subira. Samaki hutoa amonia, nayo ni sumu. Kuna bakteria wanaoigeuza kuwa nitraiti, ambayo bado ni sumu, na bakteria wengine wanaoigeuza kuwa nitreti, ambayo samaki huivumilia zaidi. Bakteria hao huhitaji wiki 4 hadi 6 kuzaana vya kutosha. Tangi langu lilikaa wiki 6 bila samaki hata mmoja, na wageni wakawa wananiuliza kama nafuga mawe.

Sasa mambo ya seva. Samaki hawa wote huanza maisha wakiwa madume. Mkubwa wao huwa jike, na anayemfuata huwa mume wake. Jike akifa, yule dume hugeuka kuwa jike na kushika cheo. Sisi tunaweka seva ya akiba ili ya kwanza ikizima nyingine ichukue kazi, tukidhani ni uvumbuzi wetu.

Mtihani ulikuja usiku mmoja wa Julai mwaka jana. Saa nne usiku stima ilipotea mtaa mzima. Rununu yangu ikalia. Kihisi cha joto ndani ya tangi kimeunganishwa na kompyuta ndogo yenye betri na laini yake ya simu, kwa sababu stima ikienda na waifai huenda nayo. Ujumbe ulikuwa mfupi: UMEME HAKUNA, 26.0.

Nina betri ya akiba ya tarakilishi, volti 12, saa-ampea 7. Hiyo ni kama wati 84 kwa saa moja. Hita yangu hula wati 150, kwa hiyo ingeimaliza betri kwa nusu saa au chini yake. Pampu hula wati 8. Unaokoa nini, joto au mwendo wa maji? Nilichagua pampu. Maji mengi hupoa polepole, lakini yakisimama, oksijeni hupungua, na bakteria ndani ya kichujio wanaihitaji vilevile. Wakifa, amonia inarudi.

Tangi nikalifunika blanketi, nikachemsha maji kwa gesi, nikayatia kwenye chupa zenye vifuniko na kuzielekeza ndani moja moja. Saa kumi alfajiri betri iliisha, nikawasha kipampu cha hewa cha betri za tochi. Saa moja asubuhi stima ilirudi. Joto lilikuwa 23.4. Samaki wote wawili walikuwa hai, jike akimfukuza mumewe kama kawaida.

Nilipomsimulia mjomba wangu, mvuvi wa Msambweni, alicheka kwanza. Kisha akasema, "Mwanangu, kule kwetu bahari yafanya kazi hiyo yote bure. Wewe umemtoa huko, sasa bahari ni wewe." Sikuwa na jibu, na bado sina. Najua tu kwamba samaki hawa wanaweza kuishi zaidi ya miaka 10, na katika miaka hiyo stima itapotea mara nyingi.

Kwa hiyo sitaongeza samaki wa tatu, hata rafiki zangu wakinishawishi vipi. Nawe ukitaka kuanza, nunua betri kabla ya samaki. Jua pampu yako inakula wati ngapi, gawanya, uone utafika saa ngapi. Kama jibu halifiki asubuhi, mwache samaki baharini kwanza.

Programu ya kihisi nitawaeleza siku nyingine. Ni mistari 60 tu, na mingi ni ya kutuma ujumbe.