Kujitegemea ni Kutunza

Tumezoea kuizungumzia teknolojia kwa lugha ya kupokea: kompyuta zimetolewa, mfumo umezinduliwa, mgeni rasmi amekata utepe. Ni nadra kuulizana nani atautunza mfumo huo baada ya maturubai kukunjwa. Swali hilo ndilo linalonisukuma kuandika juu ya Arch Linux, mfumo endeshi ninaoutumia hata niwapo likizo Mgwashi, katika milima ya Usambara, ambako mtandao huja na kutoweka kama ukungu.

Arch, iliyoasisiwa na Mkanada Judd Vinet mwaka 2002, haikukabidhi nyumba iliyokamilika. Hukupa msingi na mwongozo wa maandishi. Kuta, milango na madirisha ni juu yako. Programu huja kwa vifurushi, na chombo cha kuvisimamia huitwa pacman. Amri moja, pacman -Syu, huchukua orodha mpya ya vifurushi kisha husasisha mfumo mzima.

Nasisitiza: mfumo mzima. Waendelezaji wa Arch huonya tusisasishe kifurushi kimoja na kuviacha vingine, kwa kuwa hutegemeana. Ukibadili kimoja kinachotegemewa na kumi, huenda vyote kumi vikagoma. Ndiyo maana, mtandao ukiwa dhaifu, husubiri hadi niweze kupakua vyote. Watumishi wa umma watanielewa. Ni mara ngapi tumebadili fomu bila kubadili kanuni, au kanuni bila kumfunza karani?

Somo kubwa zaidi limo katika faili zenye tamati .pacnew. Ikiwa umehariri faili la mipangilio, kisha toleo jipya likaja na mipangilio tofauti, pacman haifuti uamuzi wako. Huliweka pendekezo lake kando, ulisome, ulinganishe, uamue. Milima hii inaukumbuka utaratibu wa kinyume. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Wasambaa kujenga matuta ili kuhifadhi udongo. Mmomonyoko ulikuwa tatizo la kweli, lakini amri ilitoka juu na jasho likawa la mkulima. Watu walipinga, na mpango ukaachwa kabla ya Uhuru.

Uwezo wa kujifanyia tunao. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Wanafunzi wangu wengi hawajapata kuisikia. Kutafsiri toleo moja ni hatua ya heshima. Kulihuisha mwaka hadi mwaka ndiyo kazi yenyewe.

Sisemi kila ofisi ihamie Arch. Karani mwenye foleni mlangoni hana nafasi ya kuchambua mafaili ya mipangilio. Nasema kila ofisi iwe na mtu anayeujua mfumo wake kwa undani, anayelipwa na kuheshimiwa kwa kazi ya kuutunza. Bajeti yenye fungu la kununua lakini isiyo na fungu la kutunza ni bajeti ya utegemezi, hata ikisomwa kwa kaulimbiu ya kujitegemea.

Basi, wanafunzi na wanaharakati, mtakapoalikwa kwenye uzinduzi ujao, pigeni makofi. Kisha ulizeni jina la mtunzaji.