Barabara ya Nakivale Humchagulia Mtu Gari

Mbarara, mji uliopandishwa hadhi ukawa jiji mwezi wa Julai 2020, haukosi magari ya kila namna. Ukisimama kando ya High Street asubuhi utaona malori ya ndizi, magari ya serikali na ya mashirika, na katikati yao Toyota Corolla ndogo ambayo watu wa Uganda huiita "Kikumi". Jina hilo halikutokana na bei yake. Kiwandani gari hilo lilipewa alama AE100, na kikumi kwa Kiganda ni mia moja. Lilianza kuuzwa Japani mwaka 1991, na hata leo halijastaafu.

Ndugu msomaji, askari, polisi au mtumishi wa serikali anapofikiri kununua gari, huwa na mashauri mengi masikioni kuliko fedha mfukoni. Huyu humwambia anunue gari refu la fahari. Yule humwambia atafute lililo rahisi kupita yote. Fedha yenyewe mara nyingi ni akiba ya miaka, au mkopo wa Wazalendo kwa wanajeshi na Exodus kwa polisi. Mkopo hauharibiki gari liharibikapo. Hukatwa katika mshahara kila mwezi, hata kama gari limelala juu ya mawe nyuma ya nyumba. Kwa hiyo yafaa kumtafuta mshauri asiye na tamaa. Mshauri huyo ni barabara itokayo Mbarara kwenda makazi ya wakimbizi ya Nakivale, katika Wilaya ya Isingiro, mwendo wa yapata kilomita 60.

Kabla ya kuondoka mjini, fika kwa muuzaji asubuhi na mapema, injini ikiwa baridi. Muuzaji aliyekwisha kuipasha moto kabla hujafika huenda ana jambo la kuficha. Fungua kifuniko cha oili: ukiona utando mweupe kama maziwa, pengine maji yanaingia katika injini. Washa, kisha utazame nyuma. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweusi ni petroli inayopotea bure. Moshi mweupe usiokwisha hata injini ipatapo moto ni dalili ya maji. Dalali atasema, "Afande, hili lilikuwa la mama mmoja, alikuwa akienda nalo kanisani tu." Mjibu kwa adabu, kisha utazame pedali na usukani. Kilomita zinazosomeka katika dashibodi zaweza kurudishwa nyuma, lakini mpira wa pedali uliolika hausemi uongo.

Sehemu ya pili ya safari ni lami inayopanda na kushuka katika vilima vya Isingiro, huku migomba imefunika miteremko. Hapa ndipo raha ya gari hujulikana. Gari jepesi lenye injini ya lita moja na nusu, madirisha mapana na usukani mwepesi humpendeza dereva kuliko gari kubwa lililochoka, linalopanda kilima likihema. Sikiliza giaboksi inapobadilisha gia: ikisitasita au kugonga, gharama inakungoja. Katika mteremko ulionyooka, usipokuwa na mtu nyuma yako, kanyaga breki kwa utaratibu. Gari likivutwa upande mmoja, lina kasoro.

Hesabu ya petroli nayo hufanyika hapa. Kwenda na kurudi ni kilomita 120. Gari linalokwenda kilomita 12 kwa lita hutumia lita 10. Linalokwenda kilomita 8 hutumia lita 15. Mwenye safari mbili kwa juma atazidisha lita 10 kila juma kwa ajili ya fahari tu. Hizo ni fedha za daftari na sare za watoto.

Sehemu ya tatu ni barabara ya udongo, ambayo wakati wa kiangazi ni vumbi na wakati wa mvua ni utelezi. Kata kona polepole, usukani ukiwa umezungushwa mpaka mwisho. Mlio wa ka-ka-ka gurudumuni huonyesha kuwa viungo vya ekseli vimelika. Gari likipita shimo na kuendelea kunesanesa, shokomzoba zimekwisha. Wako wanaoliinua gari kwa springi ndefu ili lisiguse chini, lakini gari lililoinuliwa mno hupoteza utulivu katika kona. Heri kwenda taratibu kuliko kwenda juu.

Hatimaye ziwa Nakivale huonekana, na makazi yaliyotambuliwa rasmi mwaka 1960, ambayo wakazi wake wa kwanza walitoka Rwanda. Leo wanaishi humo watu zaidi ya laki moja, kutoka Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda, Ethiopia na kwingineko, na Kiswahili husikika kila upande. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 huwaruhusu kufanya kazi na kumiliki mali. Tazama wanachokichagua watu hawa kwa safari zao: magari madogo ya kawaida ambayo fundi yeyote huyafahamu, na ambayo spea zake hupatikana Mbarara siku hiyohiyo. Mtu ambaye amepoteza kila kitu mara moja hanunui gari asiloweza kulitengeneza.

Yako pia mambo ya karatasi. Tangu mwaka 2018 sheria imekataza kuingiza Uganda gari lililotimiza miaka 15 tangu kuundwa. Kwa hiyo Kikumi utakayoiona ilikwisha kuingia zamani, nayo imepitia mikono mingi. Linganisha namba ya chesisi na ile iliyomo katika logibuku, na jina la muuzaji na kitambulisho chake. Baada ya sheria ya mwaka 2019 liliwekwa daftari la taifa la mali zilizotiwa rehani. Ulizia humo, usije ukanunua deni la mwenzio. Bima ya mtu wa tatu ni lazima kisheria, nasi tulio watumishi wa umma hatuna udhuru.

Mwisho, usimalize fedha zote katika bei. Weka kando walau sehemu moja katika tano kwa ajili ya tairi, breki na oili. Gari lisilo na dosari hata moja hutalipata kwa mshahara wetu, na wahenga walikwisha kusema kuwa mchagua nazi hupata koroma. Chagua dosari unayoijua na unayoweza kuilipia. Mtoto akishikwa na homa usiku wa mvua, hakuna atakayeuliza rangi ya gari. Watauliza kama litawaka.