Kutoka Kivukoni Hadi Gerezani Kutafuta Kibanio cha Springi

Ukitoka Kigamboni kwa pantoni, unateremka Kivukoni, Dar es Salaam. Jina lenyewe linakueleza: ni mahali pa kuvukia. Mlango wa pantoni ukifunguka, watu na baiskeli hutoka kwa pamoja, kama mahindi yanayomwagika kutoka gunia lililopasuka. Shika mzigo wako vizuri.

Mzigo wangu siku hiyo ulikuwa mzito. Ndani ya gunia kulikuwa na kichwa cha silinda cha injini ya mashine ya kusaga. Mimi ni bwana shamba, si fundi. Lakini mashine ya kijiji ilikuwa imesimama siku kumi na moja, na akina mama walikuwa wanabeba mahindi kichwani kwenda kusaga mbali.

Nikueleze kwanza kilichotokea. Injini ilikuwa inatoa moshi na kukosa nguvu. Valvu zake zilikuwa na masizi, hazikufunga vizuri. Dawa yake ni kuzitoa, kuzisafisha na kuzisaga upya. Lakini kila valvu inashikwa na springi ngumu. Juu ya springi kuna kisahani, na katikati ya kisahani kuna vipande viwili vidogo vya chuma, mfano wa pete iliyokatwa nusu mbili. Vipande hivyo ndivyo vinavyozuia springi isiruke. Huwezi kuvitoa mpaka uibane springi ishuke.

Fundi wetu hakuwa na kifaa cha kubania. Vijana wawili walikandamiza kisahani kwa bisibisi, yeye akainama kuchomoa vile vipande. Bisibisi moja ikateleza. Springi iliruka hadi kwenye paa. Kipande kimoja kilimpiga juu ya jicho. Alishonwa nyuzi tatu. Kingeshuka kidogo tu, leo angekuwa na jicho moja. Kipande chenyewe kilipotelea kwenye pumba.

Ndiyo maana nilivuka maji.

Kutoka Kivukoni unaweza kupanda mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza kazi 2016. Gunia langu lilikuwa limelowa oili, nikaona aibu kuchafua watu. Nilikodi mkokoteni, nikaufuata kwa miguu. Unaiacha harufu ya samaki wa kukaanga pale sokoni, unafuata barabara, na bandari iko mkono wako wa kushoto. Unapita Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu lenye mnara mrefu, kisha stesheni ya reli ya kati. Mbele kidogo kuna Mnara wa Saa, uliojengwa 1961 mji wa Dar es Salaam ulipofanywa jiji. Kutoka hapo uko karibu na Kariakoo. Wazee wanajua jina hilo: katika Vita Kuu ya Kwanza ya 1914 hadi 1918, Waingereza walikuwa na kikosi cha wabeba mizigo, na jina la Kiingereza la kikosi hicho ndilo lililogeuka vinywani mwetu likawa Kariakoo.

Gerezani utaisikia kabla ya kuiona. Nyundo hazinyamazi. Wanatengeneza majiko, masanduku ya bati, makarai na koleo. Vyuma vingi ni chakavu: mapipa yaliyopasuliwa, springi za malori, nondo za majengo yaliyobomolewa. Nilipenda kuona kwamba hakuna kinachotupwa, hata bolti iliyopinda.

Nilimwendea mzee mmoja aliyekuwa anapiga tupa kwenye jiliwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umeleta nini, umeleta maiti?"

Nilimfungulia gunia. Hakuuliza bei wala haraka yangu. Aliuliza, "Springi iliyoruka iko wapi?"

Nilishukuru kwamba nilikuwa nimeibeba. Aliisimamisha kando ya ile ambayo bado ilikuwa imebanwa kwenye kichwa. Iliyolegea ilikuwa ndefu zaidi kwa upana wa kidole kimoja hivi. Akasema hicho kidole ndicho kazi yote.

Hivi ndivyo alivyotengeneza kifaa. Alichukua chuma kinene akakikata na kukichomelea kiwe kama herufi C, chenye mdomo mpana wa kutosha kuzunguka ukingo wa kile kichwa. Mkono wa chini unakaa kwenye uso wa valvu, ili valvu isishuke. Kwenye mkono wa juu alitoboa tundu, akachomelea nati. Ndani ya nati akapitisha bolti. Kwenye ncha ya bolti akaweka kipande kifupi cha bomba, kilichokatwa madirisha mawili ubavuni. Bomba hilo linakandamiza kisahani, na kupitia madirisha unaviona vile vipande viwili na kuvichomoa kwa ncha ya bisibisi iliyopakwa grisi. Bomba halikuchomelewa kwenye bolti. Linakaa huru, ili bolti izunguke na bomba litulie.

Nilimwonyesha bolti fupi niliyoiona chini. Ingekuwa rahisi zaidi. Aliikataa.

"Bwana shamba, utaibana springi, utatoa vipande, halafu utaanza kulegeza. Bolti hii itatoka kwenye nati huku springi bado ina nguvu. Hapo umerudi kwenye bisibisi yako."

Basi ukienda kwa fundi wako, lisisitize jambo hili. Bolti iwe ndefu kiasi kwamba springi ikilegea kabisa, ikicheza kwa kidole, bolti bado imeuma nati kwa meno kadhaa. Ukilegeza, legeza polepole, na uso wako uwe kando. Usiinamie springi.

Tulipokuwa hapo, kijana mmoja aliuliza kama kifaa hicho kinafaa kwa bunduki ya upepo. Mzee alicheka. Bunduki hiyo ina springi ndefu nyuma ya pistoni, na hata isipokokiwa springi imebanwa. Ukifungua nyuma bila kibanio inakutoka kifuani. Kanuni ni ile ile ya bolti ndefu, ila kibanio chake ni kama kitanda: ubao imara, bunduki imelazwa, bolti inasukuma kutoka nyuma. Lakini mzee alimwambia kijana aanzie polisi kwa kibali. Silaha si jiko.

Wewe uliye mbali na Dar es Salaam, uliza ofisi ya SIDO ya mkoa wako. Shirika hilo liliundwa kwa sheria ya 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo. Nenda na kifaa chenyewe, si maelezo ya mdomo.

Vipande vipya nilinunua Kariakoo, viwili kwa pamoja, maana huendana kama viatu. Jioni nilivuka kurudi.

Fundi wetu alizungusha bolti mwenyewe, plasta ikiwa bado usoni. Vipande vilitoka bila sauti. Siku ya pili jioni mashine ilinguruma, na foleni ya ndoo ilifika barabarani.

Kile kipande kilichopotea kilionekana wiki mbili baadaye. Kuku alikuwa anakidonoa kwenye pumba.