Kalemie kwa Mwendo wa Mkongojo

Mji wa Kalemie umekaa kando ya Ziwa Tanganyika, upande wa magharibi, hapo mto Lukuga unapotoka ziwani kwenda kuungana na Lualaba. Mwingereza Cameron aliuona mlango wa mto huo mwaka 1874. Wabelgiji waliuita mji huu Albertville, na mwaka 1915 reli ya kutoka Kabalo ikaufikia. Basi, leo natamani tuupite kwa hatua za mtu ambaye miguu yake haimtii.

Watu wa namna hiyo wapo katika kila mji, na sababu za udhaifu wao si moja. Huko Ulaya unajulikana sana ugonjwa uitwao maltipo sklerosisi, ambao daktari Charcot wa Paris aliueleza mwaka 1868. Kinga ya mwili, badala ya kupigana na adui, huushambulia utando unaofunika mishipa ya fahamu katika ubongo na uti wa mgongo. Hivyo amri ya kutembea hufika miguuni imechelewa, au haifiki kabisa. Karibu na ikweta ugonjwa huo ni nadra. Lakini Kongo ina konzo, ambao daktari Trolli aliandika habari zake mwaka 1938, katika nchi ya Kwango. Miguu hukakamaa ghafula, kwa sababu ya kula muhogo mchungu usiolowekwa siku za kutosha, wakati kitoweo chenye nguvu kimepungua. Hata Tarime, Tanzania, uliingia mwaka 1985 katika ukame. Tena kuna polio, ambayo wazazi wote wanaijua.

Magonjwa ni mbalimbali, lakini njia ya kupita ni ile ile. Ufuoni mwa ziwa kuna mchanga, na ncha nyembamba ya mkongojo huzama humo kama mwiko katika uji. Nyuma ya mji vinasimama vilima. Masika yakija, njia za udongo huwa utelezi mtupu. Mwaka 2024 maji ya ziwa yalipanda yakaingia mitaani. Mwenye miguu mizima huvua viatu akapita. Mwenye mkongojo hawezi kuliona shimo lililofichwa na maji, na akianguka hainuki upesi. Jua nalo lina neno lake: mwenye maltipo sklerosisi hulegea zaidi mwili ukipata joto, hata ikiwa asubuhi alitembea vizuri. Afadhali aende sokoni kungali na umande.

Wako wasemao kwamba mkongojo ni wa wazee. Huo ni upuuzi, wala sioni haya kuuita hivyo. Msichana anayejifungia nyumbani asije akaonekana na mkongojo amejinyima soko, shule na Misa, na miguu yake huzidi kudhoofika kwa kukaa. Jamaa wanaomhurumia kwa kumketisha daima hawamsaidii hata kidogo.

Kinachosaidia ni mkongojo uliopimwa. Mwenyewe asimame wima, amevaa viatu vyake, mkono ukining'inia. Kichwa cha mkongojo kifike kwenye mkunjo wa kiganja. Ukiwa mrefu huinua bega, ukiwa mfupi huinamisha mgongo. Wengi huushika upande wa mguu mbovu, kumbe wapasa kushikwa kwa mkono wa upande wa pili, nao uende mbele pamoja na mguu ule mbovu. Katika kupanda ngazi, mguu mzima hutangulia. Katika kushuka, hutangulia mkongojo na mguu mbovu. Miguu yote miwili ikiwa dhaifu, mkongojo mmoja hautoshi, yafaa miwili au magongo ya kwapani. Kile kiunzi chenye magurudumu madogo, ambacho hupendeza sana juu ya sakafu ya hospitali, mchangani ni mzigo tu. Kwa safari ndefu iko baiskeli ya magurudumu matatu inayozungushwa kwa mikono. Katika miji ya Kongo wako wanaofanya biashara kwa hiyo.

Fundi seremala yeyote aweza kuchonga mkongojo wa mti mgumu kwa kipimo nilichokitaja. Chini aufungie kipande kinene cha mpira wa gurudumu kuukuu la gari, kipana kuliko mti wenyewe, ili usizame mchangani wala usiteleze mvuani. Na mpira huo ukilika, ubadilishwe kabla mti haujagusa ardhi.